Mzee wa Mayai na Swali la Mama Rejeta

Saa moja na nusu asubuhi. Pikapu ya buluu iliyopauka inaingia gereji ikifuka mvuke. Dereva anaruka chini, kitambaa mkononi, tayari kufungua rejeta.

"Wee! Acha hapo!" sauti inatoka chini ya lori. "Unataka kunawa uso kwa maji ya moto?"

Anayejitokeza ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni. Hapa wanamwita Mama Rejeta. Mkono wake wa kulia una kovu refu. Aliungua wiki yake ya kwanza kazini, alipofungua kifuniko kabla injini haijapoa. Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita.

Dereva ni mzee muuza mayai. Pikapu hii ndiyo iliyosomesha binti zake wawili, lakini sasa inachemsha kila ikipanda mlima. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya maji. Wa pili akabadilisha kifuniko. Wa tatu aling'oa thamostati, kile kifaa kinachofungulia maji njia injini ikipata moto, akasema gari kuukuu halikihitaji.

"Nimechoka, binti yangu," mzee anasema. "Mnunuzi wa chuma chakavu anakuja saa tisa. Ukishindwa na wewe, naiuza kwa kilo."

"Tulia, mzee wangu. Bado haijaniona mimi."

Injini inapopungua moto, anapapasa rejeta kwa kiganja, polepole, kama mama anayepima homa ya mtoto. Pembeni moto. Katikati kumepoa kabisa.

"Hapa maji hayapiti," anasema. Kisha anauliza swali ambalo humuuliza kila mteja: "Kitu gani hukuwaambia mafundi wengine?"

"Hakuna."

"Uliweka nini humu?"

"Maji."

"Maji na nini?"

Mzee anatazama viatu vyake. "Ilikuwa inavuja kidogo, nikiwa njiani. Mtu akaniambia yai linaziba tundu."

"Mangapi?"

"Sita. Nilikuwa na trei nyuma."

"Sita! Baba, ulikuwa unasafiri au unapika?"

Gereji nzima inaangua kicheko. Mzee naye anacheka, mkono mdomoni.

Mama Rejeta alianza kwa kubeba ndoo za maji kwenye gereji ya shemeji yake, baada ya kufiwa na mumewe. "Shemeji alisema nitakimbia kabla ya Ijumaa," anakumbuka. "Yeye ndiye aliyeacha ufundi. Sasa anauza viatu." Siku nzuri hupata magari manne. Kuna wiki nzima haliji hata moja, na kodi ya kona anayopanga humu gerejini haingoji.

Anaishusha rejeta. Kwa moto wa gesi anafumua kichwa cha rejeta, lile tangi dogo la juu, kisha anapitisha ukanda mwembamba wa chuma kwenye kila kijia. Yanatoka mabonge ya manjano yaliyochanganyika na kutu. Anaziba lile tundu kwa risasi ya kulehemu, anarudisha kichwa, anafunga thamostati mpya. Anajaza maji taratibu, injini ikinguruma, mpaka mapovu ya hewa yaishe.

Saa nane wanapakia mifuko ishirini ya mchanga ili kuijaribu pikapu, wanaukabili mlima ulio nyuma ya gereji. Mzee ameshika usukani kwa mikono miwili. Mama Rejeta yuko kando yake, macho kwenye mshale wa joto. Mshale unapanda hadi katikati, unatulia. Kileleni bado uko palepale.

"Umekwama?" mzee ananong'ona.

"Haujakwama. Umeridhika."

Mnunuzi wa chuma chakavu wanamkuta getini na mizani yake. Mzee hata hazimi injini; anaupigapiga usukani. "Rudi nyumbani, kijana. Huyu bado ana kazi."

Mwakani Mama Rejeta anataka gereji yake mwenyewe. Eneo ameshalipata, na mabati kumi na manne tayari yapo. Kitu cha kwanza atakachojenga ni chumba kidogo chenye mlango.

"Cha kuulizia lile swali," anasema. "Watu wanaona haya mbele ya mafundi. Humo ndani mtu ataniambia yote, nami nitacheka akishaondoka."

Anapomaliza, mzee anashusha trei moja ya mayai kutoka kwenye pikapu na kuiweka juu ya meza ya vifaa.

"Haya ni ya kukaanga," anasema.