Nukta Mbili Kwenye Moyo wa Mshonaji

Mpiga picha za moyo alikuwa na uwaraza, kitambi, na majivuno ambayo mwenyewe aliyajua na kuyacheka. Nyumbani alijigamba kwamba hakuna moyo usiomfungukia. Mkewe akamwambia, "Haya, mwenye macho, soksi yako ya pili iko wapi?" Akaitafuta mpaka uvunguni, kumbe zote mbili kazivaa mguu mmoja.

Kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kupaka watu mafuta ya baridi kifuani, kuwakandamiza na kidude cha ultrasaundi, kisha kutazama televisheni kwa mshahara.

Siku hiyo mezani alilala mshonaji wa sare za shule, mama mtu mzima ambaye moyo wake ulikuwa umelegea na dawa zimeshindwa. Madaktari walitaka kinyama cha moyo, kidogo kuliko punje ya mchele, wakipime wajue wanapambana na nini. Daktari alipitisha waya mrefu kwenye mshipa wa shingo mpaka moyoni, nchani una meno madogo. Eksirei ilimwonyesha waya, si kuta za moyo. Kuta alitegemea kuambiwa na bwana kitambi. Ukuta wa kati ni mnene, ukiumwa na meno hayo hautoboki. Wa nje ni mwembamba: ukitoboka, damu inaujaza mfuko wa moyo na mtu anaweza kufia hapo hapo. Kwa hiyo daktari hakuyafunga meno mpaka asikie, "Uma."

Mshonaji alitiwa ganzi ya shingo tu, uso umefunikwa shuka. "Mwanangu," aliita kutoka humo chini, "unauona vizuri?"

"Mama, mimi moyo nausoma kama gazeti!"

Mdomo huponza kichwa. Nukta nyeupe iling'aa kwenye skrini, imekaa kwenye ukuta wa kati barabara. "Tumefika, Dokta," alisema, na kifua kikamvimba.

Mguu wake ulikuwa umekufa ganzi. Akahamisha uzito, mkono wenye kidude ukainama kidogo, na nukta ya pili ikachomoza. Hii ilikuwa kwenye ukuta wa nje, imeusukuma mpaka umetuna. Yarabi! Ultrasaundi huonyesha kipande kimoja tu, kama slesi ya mkate. Ile ya kwanza ilikuwa kiuno cha waya, katikati yake. Hii ndiyo ncha. Kosa la wanafunzi wa wiki ya kwanza, na anayewafundisha ni nani? Yeye, tena kwa kebehi!

Angeweza kukohoa na kusema ngoja kidogo, heshima ikabaki. Lakini daktari angengoja na waya pale pale, ukutani.

"Usiume! Rudisha nyuma, Dokta, uko ukuta wa nje! Nimeona kiuno nikakiita ncha. Nimekosea mimi."

Daktari akauvuta waya. Moyo wa mshonaji ukaanza kwenda mbio kwenye skrini, maana masikio yake hayakutiwa ganzi.

"Unataka kuniua?"

"Nilikaribia, mama. Kwa ujuaji wangu."

Shuka likapanda na kushuka. "Basi sema unachokiona. Chote. Usinifiche."

Akasema. Alijiona mpumbavu mwenye koti jeupe. "Naufuata waya, mama, kutoka kiunoni. Hii inafanana na ncha. Sina hakika. Nageuza upande wa pili. Bado, Dokta, usiume. Sasa naiona, huku na huku. Iko ukuta wa kati." Akamgeukia daktari. "Uma."

Kinyama kikatoka. Akatazama kuuzunguka moyo wote: hakuna damu. Akatazama tena. Hakuna. Moyo wa mshonaji ulirudi taratibu kwenye mwendo wake, na jitu zima lile, kidude bado mkononi, likatokwa na machozi kimyakimya.

"Mwanangu," mshonaji aliuliza akiupangusa mkono wake ulioloa kwenye shuka, "humu ndani paa linavuja?"

"Linavuja, mama."