Maziwa ya Mama, Tumbo la Jirani

Nyumbani Nambis, kule milimani, mimi ndiye niliyejulikana kwa maziwa ya mgando. Kila mtoto alikuwa na chake: huyu asali, yule viazi vitamu. Mimi nilipenda yale maziwa mazito ya kwenye kibuyu, makali, yenye harufu ya moshi, na vile vichembe vyeusi vya mkaa vinavyobaki kwenye meno. Mama alikificha kibuyu changu nyuma ya gunia la mahindi ili kaka zangu wasikimalize. Niliringa sana kwa hilo. Katika nyumba ya watoto wanane, kuwa na kibuyu chako ni cheo.

Nikaolewa na fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia, katika mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare ya Hanang, tukapewa nyumba kambini. Mimba ya kwanza ikaja na vituko vyake. Sikutaka kunusa sabuni, sikutaka vitunguu, na mama alipokuja kunitazama na kibuyu, nilikifungua kwa pupa, nikakimbilia nje kutapika. Akacheka, akasema mimba ina mambo, itapita. Mtoto akazaliwa, sabuni ikarudi, vitunguu vikarudi. Maziwa hayakurudi. Nilijaribu kwa sukari, nilijaribu kwa ugali wa moto, nilijaribu kwa njaa ya makusudi. Ulimi ulikataa tu, na niliona aibu kama mtu aliyesahau lugha ya kwao.

Kumwambia mama sikuweza. Alikuja mara mbili kwa mwaka, kwa basi halafu kwa lori la shamba, kibuyu mapajani safari nzima. Kondakta asingethubutu kukipandisha kwenye keria. Akifika tu, ananimiminia kikombe na kukaa mbele yangu anitazame. Nilijifunza kumeza bila kuvuta pumzi, kisha nasema yaliyobaki nitakunywa polepole. Vibuyu vilikuwa viwili: kimoja kinakuja kimejaa, kingine, cha safari iliyopita, kinarudi naye kitupu.

Yaliyobaki yalikwenda kwa jirani, mama mmoja wa jamii ya wafugaji ambaye boma lao lilikuwa nyuma tu ya kambi. Malisho yao yalishakuwa ngano, ng'ombe wachache waliobaki walikuwa wamekonda, na watoto wake walikuwa wengi. Watu wake na watu wetu waliibiana ng'ombe tangu enzi za mababu, na mama yangu alikuwa bado anawasema vibaya. Kwa hiyo nilifanya mambo yangu kimya: namimina maziwa kwenye chungu cha jirani, nasuuza kibuyu kwa maji, natundika ukutani. Miaka saba. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliiona ndefu na imenyooka.

Wakati wa mavuno fulani niliumwa mgongo, nikamwambia jirani aende na kibuyu chenyewe. Alikirudisha baada ya siku mbili. Nikakitundika bila kukifungua.

Mama alipokuja tena, alikishusha ukutani, akakifungua, akanusa, kama anavyonusa kila chombo chake. Kwetu kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha mti mmoja tu wa milimani. Unaingiza ndani ile ncha yenye moto, unasugua. Mwenye pua anajua kibuyu kimetoka nyumba gani. Hiki kilinuka mti wa tambarare. Jirani, kwa heshima zake, hakuweza kurudisha chombo cha mtu bila kukifukiza, nami kwa uvivu wangu wa kusuuza na maji sikuwa nimelifikiria hilo.

"Nani amefukiza hiki?"

Nikamwambia yote. Akauliza tangu lini, nikamwonyesha mtoto wangu, tayari yuko darasa la kwanza. Nilitegemea anikaripie, na ningefurahi kama angenikaripia. Alifunga kibuyu taratibu, akakiweka mapajani.

"Sasa nikija," akasema, "nitakuwa nakuja na nini?"

Nilitaka kumwambia aje hivyohivyo, mikono mitupu, kwamba ninayemkumbuka ni yeye. Lakini sikulelewa kusema maneno ya namna hiyo mbele ya mama, nikaenda kuchochea moto. Kesho yake aliondoka. Mvua zikaja, zikaisha. Salamu zake zililetwa na madereva, yeye hakuja. Nilimchukia jirani kwa usafi wake, siku mbili tatu hivi, halafu nikajichukia mwenyewe, na hapo nilikuwa na haki.

Mama alikuja ngano ilipokwisha kuvunwa. Nilimwona anashuka kwenye lori, kibuyu begani, nikaogopa kwamba atanimiminia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akamkumbatia mjukuu wake, akauliza habari za baba wa mtoto, kisha akauliza boma la yule mama ni lipi. Nikamwonyesha kwa kidole. Alikwenda bila kuketi, kibuyu bado begani.

Nilichemsha chai, ikapoa, nikachemsha tena. Kutoka bomani nilisikia Kiswahili chao cha kuungaunga, wote wawili, na kicheko cha mama yangu, kile cha kifuani, ambacho nyumbani kwangu nilikuwa sijakisikia kwa miaka. Mtoto akaniuliza bibi amekwenda wapi. Nilimwambia ametembelea watu, atapita na kwetu.