Waya Niliomfunga Mdogo Wangu Mguuni

Nimekosa, ndugu zangu. Jina nalificha kwa sababu mama yangu bado yu hai hapa Bariadi, na aibu yangu ni yake pia.

Nilikuwa fundi redio. Soko huria lilipoingia, redio mpya zikajaa madukani kwa bei ya kutupa. Nani tena alete bovu nitengeneze? Nikabaki kibandani napiga miayo.

Ndipo mdogo wangu Masanja akaanguka kutoka kwenye lori la pamba, akavunjika mguu. Hospitali walimfunga plasta, wakamwambia atulie.

Nilishamsikia daktari mmoja redioni akisema huko ng'ambo kuna mashine ya sumaku ya umeme inayosaidia mifupa inayochelewa kuunga. Basi, hilo tu! Sikujua nguvu yake wala inatumikaje. Lakini niliona riziki. Masanja akipona upesi, watu watajaa kibandani kwangu.

Nikaikata plasta. Nikauviringishia mguu waya wa shaba, nikaunganisha na betri ya gari.

"Mwanangu, daktari kasemaje?" mama akauliza.

"Mayu, haya mambo ya kisasa. Niachie."

Masanja akacheka. "Nasikia joto, kaka!"

Nikaita watu waje waone. Nikawaambia joto hilo ndio mfupa unaota. Uongo! Ni waya ulikuwa unachemka, unamuunguza.

Kidonda kikatokea, mguu ukavimba, harufu ikaanza. Mama akanisihi twende hospitali. Nikasema bado kidogo. Bado kidogo, jamani! Mpaka Masanja alipoanza kuweweseka ndipo nikatafuta gari.

Daktari akafunua shuka, akautazama mguu. Kisha akaniambia, "Mfupa ulitaka kutulia tu. Wewe umeufungua, umemchoma, ukauacha uoze."

Wakaukata juu ya goti.

Masanja hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana! Mama chakula ananipa, ila hanitazami.

Na bado. Niliporudi kibandani, waya na betri havipo.

"Mzee mmoja wa Kimali kavichukua," jirani akaniambia. "Mkewe kavunjika nyonga. Si ulisema vinaponya?"

Nikaenda mbio Kimali. Nikakuta wameshaviazimisha kijiji kingine. Huko nako vimeshaondoka. Mpaka leo sijui viko mguuni kwa nani.

Wewe unayesoma, ukivunjika, kaa na plasta yako. Akija mtu na waya na maneno matamu, hata kama mmenyonya ziwa moja, mfukuze!