Mwanamke wa Tatu Kutoka Kushoto

Binti wa kaka yangu aliingia nyumbani kwangu hapa Ibra baada ya sala ya alasiri, na kabla hajakaa kitako akaanza: "Shikamoo shangazi. Nataka nguo ya bibi. Ile ya zamani."

Nikamwambia marahaba, kaa kwanza unywe kahawa. Hakutaka kahawa. Chuoni kwao walikuwa wanatayarisha maonyesho ya mavazi ya wanawake wa zamani, na kila msichana alitakiwa alete kitu cha kwao.

"Wenzangu wote wanaleta dishdasha na sirwal, nguo za hapa," akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaika. "Mimi nataka kitu ya Zanjibar. Kitu ya kweli, si ya dukani."

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu wake mbovu umeegemezwa kwenye mto. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini na alikuwa akiishi kwangu tangu baba alipofariki. Nilidhani amelala. Akafungua macho akaniambia, "Mletee sanduku la bati."

Mimi ni mshonaji. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Omani nikiwa msichana mdogo, na miaka thelathini nimekata na kushona majoho ya wanawake wa mji huu. Lakini lile sanduku nilikuwa nimelifungua mara mbili tu maishani mwangu. Mama hakupenda liguswe. Siku ile alilifungua mwenyewe, akatoa nguo moja moja na kuziweka juu ya mkeka.

Ya kwanza ilikuwa kanzu fupi ya atlasi nyekundu iliyofifia mabegani. Kulikuwa na mkanda mweupe wa kitambaa kigumu, na tarbushi ambayo nondo walikuwa wameshaitoboa. Halafu ikatoka suruali ya marinda, ile suruali ya wanawake wa Unguja wa wakati ule, inayobana mguu mpaka kwenye kifundo, kisha chini inachanua marinda safu tatu. Niliigeuza nje ndani nikatazama mishono. Ilikuwa imeshonwa kwa mkono mwanzo mpaka mwisho, na mshono wake ulikuwa mwembamba kuliko wa cherehani yangu.

"Nani kashona?" nikauliza.

"Mama yangu," mama akajibu. "Kashona mwenyewe, kavaa mwenyewe, kacheza mwenyewe."

Akatueleza kuhusu lelemama. Wanawake wa mtaa walikuwa na chama chao, wakisimama mstari mmoja juu ya mabenchi, wamevaa sare, wakicheza kwa mikono na mabega taratibu huku pembe za nyati zikigongwa. Mtaa wa pili nao ulikuwa na chama chake, na ushindani haukuwa wa ngoma tu. Ulikuwa wa nguo. Kanga mpya ikishuka dukani, kila chama kilitaka kiwe cha kwanza kuivaa, wanawake arubaini wa rangi moja. Mwaka mmoja chama cha bibi kilitoka kimevaa kama maofisa wa manowari, na mikanda na tarbushi, na mama akasema wapinzani wao walijifungia ndani siku tatu kwa hasira. Binti wa kaka yangu alicheka mpaka akashika tumbo. Mama naye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo muda mrefu.

Chini kabisa ya sanduku palikuwa na picha iliyopigwa studio. Wanawake saba wamesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na maua. Bibi yangu alikuwa wa tatu kutoka kushoto, mweusi, mrefu, kidevu juu, mkono kiunoni juu ya ule mkanda mweupe. Mimi nilimkumbuka mzee, amejikunja, ananipa vipande vya mua uani. Sikujua kama aliwahi kusimama namna ile.

"Chukua na picha," mama akamwambia mjukuu wake. "Wakikuuliza nani huyu, waambie ni mama yake bibi yangu."

"Nimsemee hivyo, shangazi?" binti akaniuliza, kwa kuwa hakufahamu vizuri hayo maneno.

"Sema ni bibi yetu," nikamfupishia.

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa chuo. Nguo zilitundikwa kwenye masanamu ya dukani, na picha ikawekwa juu ya kigoda kando ya ile suruali. Watu wengi walisimama pale kuliko pengine. Binti alikuwa akieleza kwa Kiarabu, mikono inaruka, anaonyesha jinsi mabega yalivyochezeshwa. Nilikuwa nimesimama nyuma nikijisikia vizuri.

Mwezi ule ule alikuwa ameposwa na kijana wa mji wa Samad, wa watu wenye mashamba ya mitende na jina. Mama yake kijana alikuja kwenye maonyesho pamoja na dada zake wawili. Nilimwona akisoma kikaratasi cha maelezo kilichobandikwa kando ya nguo, kisha akainama kwenye picha, akakaa pale muda mrefu. Alipoinuka alinisalimu kwa adabu, akasema nguo ni nzuri, akaondoka bila kunywa kahawa.

Siku ya tatu akanipigia simu. Nilikuwa chumbani kwangu cha kazi, napiga pasi mshono wa joho. Aliuliza afya yangu, ya mama, ya kaka, mpaka salamu zikaisha.

"Ukhti," akasema, "yule mwanamke wa tatu kutoka kushoto. Mtoto ameniambia ni bibi yenu. Kweli?"

Nilijua anachouliza. Hakuna mtu wa huku asiyejua. Haulizi jina la mtu, anauliza mama yake aliingiaje nyumbani, kwa ndoa au kwa kununuliwa. Kaka yangu alikuwa ameshakodi ukumbi. Binti alikuwa amenawiri kwa furaha, na kila jioni ananiletea picha za magauni kwenye simu. Yote hayo yalinipita kichwani haraka, lakini sitaki kusema kwamba sikupata nafasi ya kufikiri. Niliipata.

"La," nikasema. "Mtoto hajui. Yule alikuwa khaddama. Mtumishi wa nyumba ya babu."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Nilimwambia mume wangu haiwezekani."

Nilipokata simu nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Niliinua pasi, nikageuka, na mama alikuwa mlangoni ameshika ile fremu yake ya kutembelea. Mama alikuwa akisikia Kiarabu vizuri kuliko mimi.

"Mama yake ndiye aliyekuwa mtumishi," akasema. "Alinunuliwa, hakuulizwa. Mama yangu hakumtumikia mtu siku hata moja. Wewe ndiye uliyempa kazi leo."

"Mama, nilifanya kwa ajili ya mtoto."

"Nimesikia ulivyofanya."

Akakaa juu ya kitanda changu, kati ya vipande vya vitambaa, akaniambia mambo ambayo miaka yote hakuwahi kuniambia. Mama yake bibi aliletwa Unguja kutoka bara, mtoto, akauzwa katika nyumba ya Mwarabu mmoja. Utumwa ulipofutwa alikuwa bado yupo mle mle, hana pa kwenda. Bibi alizaliwa huru, lakini alikua amevaa kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi ambayo watu wakiiona wanajua moja kwa moja wewe ni wa nani. Alipopata umri wa kuolewa aliivua. Alikaanga vitumbua barazani mpaka akapata kanga yake ya kwanza, na siku alipoivaa alipita mbele ya nyumba ile ya zamani, akarudi, akapita tena. Kisha akaingia kwenye chama cha ngoma. Mle ndani hakuna aliyeulizwa mama yake nani. Kila mtu alivaa sare ile ile. Babu yangu, mtu wa Ibra aliyekuwa na duka mtaani, alimwona siku ya ngoma akapeleka posa, na ndugu zake hawakukanyaga nyumbani kwake mpaka anakufa.

"Alikuwa akisema, mimi sina ukoo, nina nguo," mama akaniambia. "Nilidhani kizazi hiki hakitaona haya tena."

Nilimwomba radhi. Aliinuka akaenda chumbani kwake. Asubuhi nilipompelekea chai na mkate alinishukuru kwa Kiarabu.

Nilidhani ni siku moja. Lakini tangu hapo mama hakunisemesha tena Kiswahili. Na watu wengine alikizungumza: jirani yetu wa Pemba, kaka yangu, hata daktari mmoja aliyekulia Unguja. Mimi alinisemesha Kiarabu safi, cha heshima, kama anavyosemeshwa mgeni. "Tafadhali." "Shukran." "Mungu akulipe." Nikimjibu kwa Kiswahili, anangoja, kisha anarudia kwa Kiarabu. Watu walipokuwepo hawakuona kitu. Mimi nilikuwa nikifunga mlango wa jikoni nalia.

Harusi ilifanyika. Nilimshonea binti gauni na kila mtu alilisifu. Mama hakwenda Samad, alisema goti halimruhusu. Mama mkwe alinikumbatia mbele ya wanawake wote na kunikalisha karibu naye, akanikatia halua kwa mkono wake. Nikaila.

Mama alifariki majira ya joto yaliyofuata, hospitalini, kaka yuko upande mmoja na mimi upande mwingine. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa la Kiarabu. Aliomba maji.

Katika siku za matanga binti alilala kwangu. Siku ya mwisho, watu walipoondoka, alinikuta nimekaa na nguo za bibi mapajani akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote. Simu, khaddama, kaniki, kile Kiarabu cha mama. Nilidhani atalia nami. Alinitazama kama hanijui.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" akasema. "Mchumba alikuwa wangu. Pengine yeye asingejali. Sasa sitajua tena, shangazi. Umenioza kwa uongo."

Alikuwa na haki. Kaka yangu aliposikia, alinipigia simu kunikataza nisifungue mdomo tena, yaliyopita yamepita, nguo zichomwe. Sikuzichoma, na nilifungua mdomo. Wiki iliyofuata niliwasha gari nikaenda Samad peke yangu, na njia nzima nilikuwa nikirudia sentensi moja ya Kiarabu, maana niliogopa nikifika nitaibadilisha.

Mama mkwe alinikaribisha sebuleni. Akamimina kahawa, akaweka tende. Nilimwambia: yule mwanamke wa kwenye picha ni bibi yangu, mama yake aliuzwa, nami nilikudanganya.

Aliweka birika la kahawa chini.

"Ukhti," akasema mwisho, "siku ile nilipokupigia sikuwa nauliza. Nilikuwa nakuomba uniambie vile ulivyoniambia. Nilijua tangu nilipoiangalia ile picha. Sasa umenitwika mzigo huu."

"Nisamehe."

"Mwanangu hatamwacha mkewe. Mimi sitamwambia neno mume wangu, na wewe usimwambie. Kunywa kahawa."

Nikanywa, vikombe viwili, kisha nikatikisa kikombe kuonyesha basi. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Hatujagombana. Lakini sikukuu mbili zimepita na hajaniita tena, na tukikutana misibani ananipa mkono tu.

Binti alikaa miezi mingi bila kuja. Kisha Ijumaa moja alikuja na mumewe, wakakaa nusu saa, na sasa huja hivyo mara moja moja. Kama mumewe anajua, sijui. Hajawahi kunipa dalili, nami siulizi.

Mara ya mwisho alikuja peke yake, mjamzito wa miezi saba. Nilimpa mto wa mgongoni. Aliniuliza kwa Kiswahili chake, taratibu, akitafuta maneno:

"Shangazi, yule ambaye walimnunua. Mama yake bibi wa kwenye picha. Jina lake nani?"

Nikafungua kinywa kumjibu, nikagundua sijui. Mama hakulitaja siku ile, na baada ya hapo kulikuwa na mwaka mzima ambao ningeweza kumuuliza, hata kwa Kiarabu. Nilimwambia binti kwamba sijui. Akauliza kama baba yake anaweza kujua. Nikampigia kaka palepale. Hajui naye.