Dakika Sita za Stima

Jael Musimbi alijifunza kuandika programu akiwa na miaka hamsini na miwili, kwenye kompyuta ileile anayochapia watu barua za kuomba kazi. Duka lake la fotokopi liko nyuma ya soko la Kakamega, na kati ya mteja mmoja na mwingine kuna muda mwingi wa kukaa bure. Wenzake wa rika lake huutumia kusengenya. Yeye alitengeneza mashine ya kutafuta.

Aliitengenezea klabu ya wapenzi wa fahali, ambayo yeye ni katibu wake. Fahali wakipigana Jumamosi, Jael yuko pembeni ya uwanja na daftari, na Jumatatu taarifa iko kwenye tovuti. Taarifa za miaka tisa zilikuwa zimelundikana humo. Aliyetaka habari za fahali wake ilibidi azisome zote au ampigie Jael simu, na hakuna aliyesoma. Sasa kukawa na kisanduku kidogo juu ya ukurasa. Kila Jumatatu mashine hupitia taarifa zote, huokota kila neno na kukumbuka lilikuwa katika taarifa ipi, kama orodha iliyo nyuma ya kitabu cha nyimbo. Ukiandika jina la fahali, unaletewa mapambano yake, na juu yake hesabu ya aliyoshinda na aliyoshindwa.

Mzee Andati wa Shinyalu, mwenye fahali mmoja tu aitwaye Stima, alizunguka na simu yake sokoni, kanisani, hata kwa daktari wa mifugo. Stima: ameshinda saba, hajashindwa hata moja.

Kamati nayo ikanogewa, ikaanza kupanga mapambano kwa kutazama simu. Ndivyo Stima alivyopangiwa Kifaru wa Khaemba, fahali ambaye mwaka uliopita alimtoboa mwenzake ubavu, na nyama ikagawanywa kabla ya mchana.

Jael alipoona orodha ya mapambano hayo Jumatatu alishtuka. Alikumbuka vizuri sana Stima akitimua mbio katikati ya wauza miwa. Akaandika jina kwenye kisanduku, siku ile haikutokea. Akafungua taarifa yenyewe, akakuta maneno yake mwenyewe: "Fahali wa upande wa pili akaona heri arudi nyumbani."

Katika klabu yao, fahali akikimbia jina lake haliandikwi. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Ni adabu tu, maana mwenye fahali ana watoto, na kesho atapita njia hiyohiyo. Jael aliifuata miaka yote tisa bila kuifikiria. Mashine haikudanganya. Ilisoma alichoandika, na alichoandika kilikuwa washindi watupu. Ukiiamini tovuti ile, hakuna fahali aliyewahi kushindwa kaunti nzima. Jael aliona aibu, tena peke yake dukani.

Lakini daftarini alikuwa na majina yote mawili ya kila pambano, kwa kuwa huyaandika kabla halijaanza. Stima alikuwa amekimbia mara tatu. Kesho yake akapanda boda hadi Shinyalu amweleze mwenyewe kwanza.

"Mzee, Stima ameshindwa mara tatu," alisema. "Mashine haijui."

"Mimi najua," Andati akajibu, akiendelea kumsugua fahali shingo. "Ile siku ya miwa ni mimi nilimfuata mpaka mtoni."

"Na bado unampeleka kwa Kifaru?"

"Katibu, nimefuganga ng'ombe miaka arobaini na hakuna mtu ananiulizanga kitu. Saa hii watu wa Navakholo wananipigia simu. Wacha tu hiyo maneno mpaka Jumamosi ipite."

"Jumamosi ikipita utabaki na ngozi."

"Itakuwa ngozi yenye haijawahi kushindwa."

Alicheka, lakini mkono wake haukutoka shingoni mwa Stima. Jael alimhurumia. Alijikasirikia zaidi, kwa sababu ujinga huo aliuanzisha yeye.

Alirudi mjini, akafunga duka siku mbili, akachapa kutoka daftarini majina ya waliokimbia na dakika walizogeukia. Alhamisi jioni mashine ilisoma upya. Ijumaa asubuhi kamati ilimwondoa Stima kwa Kifaru, na mwenyekiti Hezekiah akampigia simu.

"Katibu, umetuvua nguo."

"Nimejivua na mimi," Jael akasema.

Jumamosi Stima alikutana na fahali wa saizi yake. Walisukumana robo saa, kisha wote wawili wakaanza kula nyasi, na Jael akaandika majina yote mawili. Andati alipita mbele yake bila kumsalimu. Jael alisema moyoni kwamba si neno, ila lilikuwa neno, kwani wamejuana tangu ubatizo wa kifunguamimba wa Jael.

Wanachama kumi na mmoja walikuja dukani kumwomba afute vipigo vya fahali wao. Aliwakatalia wote. Kwa hiyo wiki mbili baadaye, Andati alipoingia na kungoja hadi mteja wa mwisho akatoka, Jael alikuwa na jibu lake tayari.

Andati aliweka simu juu ya kaunta, kidole kikiwa kwenye siku ya miwa. *Stima wa Andati aligeuka dakika ya nne.*

"Si nne," alisema. "Ni sita."

Jael akatoa daftari. Ukurasa ulikuwa umenyeshewa, tarakimu ikalowa, lakini ukiuelekeza dirishani unaona.

"Ni sita kweli, Mzee."

"Dakika sita na fahali mkubwa namna ile. Halafu mtu asome nne?"

Akairekebisha palepale, akaiamuru mashine isome upya ingawa haikuwa Jumatatu. Andati akaandika *Stima* mwenyewe kwa kidole kimoja. Alisoma mapambano yote hadi la mwisho, ya kushinda na ya kukimbia, akaitia simu mfukoni mwa shati. Kisha akanyoosha mkono juu ya kaunta.

"Mulembe, Katibu," akamsalimia. "Watoto hawajambo?"