Mke wa Nyangi Kwenye Kitabu cha Chuo

Nyangi wa Itiryo ana miaka sabini na kitu, na sijawahi kumwona akimwonea haya mtu. Mwenye haya nilikuwa mimi. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kusikia watu wakilaumu chuo peke yake. Chuo nacho nitakifikia.

Mumewe alifariki akamwachia mabinti watatu na shamba la mteremkoni. Kwetu Wakurya binti huolewa akaenda zake, na nyumba isiyo na mtoto wa kiume ndugu wa marehemu huanza kuipigia hesabu kabla matanga hayajaisha. Nyangi alikataa. Mahari ya mabinti ilipoingia, aliwapeleka ng'ombe wale wale hadi Kemambo kwa mzee Mniko, akamwoa binti yake, Kisyeri. Ndiyo, akamwoa. Tunaiita nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke, na watoto atakaozaa mke huyo ni wa nyumba yake, ndio warithi. Kisyeri amezaa watatu. Amelima shamba lile miaka kumi na minne, na Nyangi alipovunjika nyonga ni yeye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani mpaka akasimama tena. Wana wengi wa kiume nawajua, wa namna hiyo sijamwona.

Mwaka 2021 wakaja watafiti wa chuo kikuu, na vishikwambi vyao na fulana zenye nembo, kuchunguza maendeleo ya kaya za vijijini. Mimi, Eunice, niliyemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya ukalimani. Siku ya kwanza, ndani ya gari, vijana wa chuo waliniuliza kama ni kweli huku wanawake wanaoana. Kabla sijajibu walikuwa wameshaanza kucheka. Nami nikacheka nao. Kicheko kile hadi leo nakitamani nikiteme.

Kwa Nyangi niliingia na Honoratha, mtafiti kutoka Bukoba, binti mpole aliyetoa shikamoo yake vizuri. Tulimkuta na Kisyeri wanapukuchua mahindi. Honoratha akauliza, "Huyu dada ni nani wa bibi?"

Nyangi akajibu kwa Kikurya, bila haraka. Alisema huyu ni mke wa nyumba yake, amemwoa kwa ng'ombe, na watoto hawa ndio watakaobaki na shamba akifa. Aliongea mpaka gunzi mkononi likaisha punje. Mimi nikakumbuka kile kicheko cha garini, nikamgeukia Honoratha: "Anasema ni dada wa kazi."

Basi. Mama kaongea muda wote ule, tafsiri maneno matano, na msomi hakuuliza mbona fupi. Akagusa kioo cha kishikwambi, akaendelea na swali la choo. Nyangi hakuelewa nilichosema, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Akatupa mahindi mabichi tukachome.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikwenda hadi chuoni, ikakaa miaka mitatu, ikarudi imekuwa kitabu chenye jalada. Mwaka 2024 ulikuja mradi wa hati za kimila za ardhi, na ili kuokoa muda wakatumia orodha ya kaya ya watafiti. Nyangi alikuwa ameandikwa mjane anayeishi peke yake na msaidizi wa ndani.

Kwenye mkutano wa kijiji, Nchagwa, shemeji yake Nyangi, akasimama na kile kitabu. "Someni wenyewe, mura! Chuo kikuu kimesema. Huyu hana mrithi. Shamba ni la kaka yangu, liandikwe jina langu, na dada wa kazi arudi kwao na watoto wake."

Mtu huyu alikula nyama siku Kisyeri alipoletwa! Mtendaji wetu, Gasto, aliyehamishiwa huku mwaka ule, akafunua ukurasa akatikisa kichwa. "Mimi nafuata takwimu," akasema.

Nikasimama. Nikasema mbele ya kijiji kizima kwamba takwimu hiyo niliitunga mimi, kwa aibu, na nikaeleza Nyangi alichosema hasa. Gasto akanitazama. "Una ushahidi?"

Nilipodanganya waliandika papo hapo. Niliposema kweli wakataka ushahidi! Nikampigia Honoratha palepale. "Pole sana dada Eunice," akasema, "data imeshafungwa. Tutalizingatia kwenye utafiti ujao." Utafiti ujao! Kisyeri alikuwa ameketi mbele yangu na mwanawe wa mwisho mapajani, anafukuzwa shambani kwake kwa neno la mdomo wangu, na wao wanapanga safari nyingine.

Gasto akaahirisha kwa wiki moja. Siku ya mkutano wa pili mzee Mniko akaja kutoka Kemambo na ndugu zake wanne, hakupewa kiti akaongea amesimama. "Ng'ombe wa Nyangi niliwapokea mimi, na huyu Nchagwa ndiye aliyewaswaga. Mtendaji, kwenu mfanyakazi wa ndani hutolewa mahari?"

Watu waliangua kicheko, Nchagwa akatazama viatu vyake. Wazee waliokuwepo siku ya mahari wakanyoosha mikono, mmoja baada ya mwingine, na Gasto hakuwa na pa kutokea. Akachukua fomu mpya. Kwa mazoea akaniita nije mbele nimtafsirie mama.

Nilikwenda karibu mbio. Nilitaka kutafsiri vizuri kuliko nilivyowahi kutafsiri maishani, kila neno. Nyangi akainua mkono kabla sijafika. Alinitazama bila hasira, na heri angenitukana.

"Huyu akae mbali," akamwambia Gasto kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi tasema mwenyewe. Kama nakosea, utauliza tena. Utauliza mpaka unaelewa."

Wakaingia ofisini, akasema. Alikosea, Gasto akauliza, akarudia. Ilichukua karibu saa nzima kuandika watu watano wa nyumba moja, na mimi nilisimama nje ya dirisha la ofisi nikisikiliza neno moja moja likiingia.