Karatasi Iliyofungua Ndiva

Mgeni alipoletwa kwetu, mama alimpa kigoda na maji ya kunywa, kisha akanifuata jikoni akaniambia, "Mwangalie mikono." Hakusema niangalie nini. Nilielewa. Siku hizo kila aliyepanda mlima akiwa na kalamu tulimwangalia mikono.

Kule tambarare, upande wa Maore, tulisikia watu wanapangwa upya katika vijiji vya ujamaa. Wengine walihama kwa hiari, na wengine, kwa maneno ya waliopita sokoni, walirudi shambani wakakuta paa limeezuliwa. Sisi wa Suji tuliambiwa hatutaguswa kwa kuwa tayari tunaishi karibu karibu. Tuliambiwa tu. Hakuna aliyetuandikia.

Mgeni huyu alikuwa kijana wa Morogoro mwenye barua yenye mhuri. Alisema amesomea kuchora maua ya vitambaa, na kwamba kiwanda cha nguo sasa kinataka maua yetu wenyewe, si ya kuiga nje. Balozi wa nyumba kumi alimweka kwetu kwa sababu chumba cha baba kilikuwa kitupu. Baba alikuwa akikata mkonge huko chini.

"Shikamoo mama," alisema asubuhi ya kwanza.

"Marahaba. Leo unachora ua gani?"

"Leo nachora sauti, mama."

"Sauti?"

"Ndiyo. Watu wakitwanga nasikiliza, nachora. Baadaye mchoro unakuwa ua la kanga."

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Basi nikipiga chafya hapa, Same watanivaa!"

Nilicheka pia, lakini nyuma ya mlango. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka miwili nyuma, na bado mgeni akinisalimia nilijibu nikiwa nimeinamia chungu. Kuzungumza na watu kulinishinda. Kutazama hakukunishinda.

Nilimwona akikaa na wanawake kwenye kinu, ameweka kiganja juu ya udongo ili mshindo umfikie mkononi. Aligonga vibuyu vya mama kimoja kimoja kwa kucha, kisha akachora duara, vingine duara nene, vingine jembamba. Mtu mzima anayegonga vibuyu vya watu na kuandika! Jirani yetu alificha cha kwake cha maziwa.

Siku ya tatu alimfuata mzee wa maji. Huyu ndiye aliyetunza zamu za ndiva yetu. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo lililoko nyuma ya kilima, linakusanya maji ya kijito mpaka lijae, ndipo yanafunguliwa yateremke kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Mzee wa maji hukaa huku chini na pembe ya tandala begani. Akiona mfereji uko tayari, hupiga pembe, na aliye juu kwenye ndiva huvuta kizibo. Aliye juu haoni shamba wala haulizi. Akisikia pembe, anavuta. Mwaka ule aliyekuwa juu ni baba yangu mdogo.

Kilikuwa kiangazi, ndiva ilichukua siku mbili kujaa. Maharage yetu yalikuwa yametoa maua na majani yameanza kukunjamana. Ilibaki siku moja zamu yetu ifike.

Nilipokuwa nikifagia chumba cha mgeni niliiona karatasi. Ilikuwa na mstari mrefu, nukta mbili, mstari mrefu. Chini yake palikuwa na vikato vidogo, vingine virefu, vingine vifupi. Mzee wa maji alikuwa na fimbo ya kupimia kina cha ndiva, na fimbo hiyo ilikuwa na vikato vya namna ile ile: mpaka hapa maji ya huyu, mpaka hapa ya yule. Nilimaliza kufagia nikiwa nimeshaamua. Huyu amepima maji yetu. Wanataka kuyashusha kwenye vijiji vipya vya chini, na maharage yetu yatakaukia hapo hapo.

Niliifunga karatasi kwenye pindo la kanga. Nilimpa mama. Mama hakujua kusoma, lakini vikato alivijua.

"Nilikwambia mikono," alisema, akaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kesho yake ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji. Tulikuwa tumebomoa ukingo mmoja ili matope yamwagikie korongoni. Kabla ya kuuziba, mwenyekiti alisimama juu ya jiwe akaita watu, akainua karatasi.

"Ndugu mgeni, hii ni ramani ya nini?"

Mgeni aliitazama karatasi, kisha akatazama watu, na macho yake yakapita kwangu. Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

"Si ramani, ndugu mwenyekiti. Ni sauti ya pembe ya mzee."

"Sauti haina vikato," alisema mama. Sikuwahi kumsikia akisema kikaoni.

"Hivyo ni pumzi, mama. Mzee akipuliza kwa muda mrefu naweka kirefu. Akivuta pumzi fupi, kifupi."

"Aa, pumzi!" mtu mmoja akadakia nyuma. "Na mimi nipimwe pumzi, nimechimba tangu alfajiri!"

Watu walicheka, lakini si kicheko cha kumwachilia. Mwenyekiti akasema, "Kama ni sauti, isome tusikie."

Mzee wa maji alivua pembe begani akampa mgeni. Nadhani alitaka kumwona akiaibika, kwani pembe ile iliwashinda hata wanawe. Mara ya kwanza ilitoka sauti ya mbuzi aliyeshiba vibaya. Watoto walianguka chini kwa kucheka. Mgeni alifuta mdomo, akaiweka karatasi juu ya goti, akafuata mistari kwa macho.

Mrefu. Mfupi, mfupi. Mrefu.

Ilikuwa yenyewe kabisa. Niliona kwa macho yangu jinsi ile mistari ilivyotoka kwenye karatasi ikawa pembe. Mwenyekiti aliigeuza karatasi upande wa pili, kama mtu anayetafuta mahali sauti ilipojificha. Sote tulikuwa tukiitazama karatasi. Hakuna aliyefikiria kilima.

Mzee wa maji ndiye aliyeshtuka kwanza. "Kizibo!" alipiga kelele. "Jamani, kizibo!"

Tulikimbia na majembe, lakini maji yalikwisha fika. Ndiva ikifunguliwa ikiwa imejaa, hakuna mikono ya kurudisha kizibo mpaka nguvu ya maji ipungue. Yalipita kwenye ukingo tulioubomoa wenyewe, yakaingia korongoni yakiwa mekundu. Wanawake walipiga mayowe, wanaume walitupa mawe na migomba. Nilipogeuka nilimwona mgeni amesimama na daftari wazi. Alikuwa anaandika. Sijui kama alikuwa anachora mayowe yetu, au njia ya maji. Mpaka leo sijui.

Kikao kiliendelea miguu ikiwa na matope. Wenye zamu za mbele walikataa kusogezwa. Mgeni ni wa kwenu, walimwambia mama, na karatasi mmeileta ninyi. Zamu yetu ilihesabiwa kuwa imetumika. Nyingine ilikuwa baada ya siku kumi na nne.

Mgeni alibeba maji kwa debe kutoka kijitoni hadi kwenye maharage yetu siku tatu, asubuhi na jioni, mabega yakachubuka. Mama alimpa mafuta ya kupaka lakini hakumwambia ahsante. Mimi nilitaka kumwambia kwamba karatasi niliichukua mimi. Nilifika mara mbili mpaka karibu na debe lake. Siku ya nne akashuka Same, na maua ya maharage yakaanguka. Tulivuna sinia moja na nusu.

Mwaka uliofuata baba alirudi na kanga kutoka mjini kwa ajili ya mama. Ilikuwa ya bluu, na kwenye pindo lote mstari mrefu, nukta mbili, mstari mrefu, ukizunguka bila kukoma. Sasa kila soko lilikuwa na sauti ya ndiva yetu, na waliovaa hawakujua wamevaa nini. Au walikuwepo waliojua.

Ndipo nilipomwambia mama kwamba sikuwahi kumwambia mgeni nani aliyechukua karatasi.

"Alijua," alisema. "Ni nani mwingine aliyefagia chumba kile?"

Aliufuata mstari kwa kidole, midomo imefumba, na kooni mwake nilisikia pembe. Kisha akaipindua kanga, akajifunga upande wa ndani nje ili pembe isilie, akachukua jembe kwenda mferejini. Siku hiyo zamu ilikuwa ya jirani.